Alama za Mishipa ya Damu kwa Watoto: Ya Kujua Kabla ya Kulipia Krimu au Leza

Tuchukue mfano wa mama anayeishi jirani na bandari ya Itungi. Mtoto wake alizaliwa salama, ngozi haina doa. Katika wiki ya tatu mama aliona kidoa chekundu kwenye kope la juu la jicho, kama alama ya kuumwa na mbu. Jirani alimwambia kitakwisha chenyewe. Muuzaji mmoja sokoni akamwuzia krimu ya kuondoa madoa. Miezi miwili baadaye kidoa kilikuwa uvimbe mkubwa kuliko punje ya haragwe, na jicho halikufunguka vema. Mama akaamua kungoja fedha za kakao ndipo ampeleke mtoto Mbeya. Bei ya krimu ilikuwa hasara ndogo. Hasara kubwa ilikuwa zile wiki, kwa kuwa jicho la mtoto mchanga lililozibwa huweza kudhoofika maisha yote hata kama uvimbe utaisha.

Mama huyu ni wa kubuni. Maradhi ya mtoto wake ni ya kweli, nayo huitwa hemanjioma.

Hemanjioma ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Siku ya kuzaliwa kwa kawaida hauonekani, au huonekana kidogo sana. Hujitokeza katika wiki za kwanza, hukua kwa kasi, na sehemu kubwa ya ukuaji wake huwa imekamilika mtoto afikishapo miezi mitano. Kisha husinyaa polepole kwa miaka kadhaa. Jirani, basi, hakusema uongo mtupu: hemanjioma nyingi ndogo za mgongoni au mkononi huachwa zififie zenyewe. Lakini iliyo karibu na jicho, pua, mdomo au sehemu za siri, na iliyopasuka ikawa kidonda, yapasa ionwe na daktari mapema, ikiwezekana kabla mtoto hajatimiza mwezi mmoja. Iliyoenea kidevuni na shingoni huweza kuwa na mwenzake kooni, akaziba pumzi. Mtoto mwenye alama tano au zaidi hupimwa ini kwa altrasaundi.

Aina ya pili tutaiita baka la zambarau. Hili huwapo tangu siku ya kuzaliwa, nalo ni bapa. Kwa watu weupe huonekana jekundu kama mvinyo. Kwa ngozi zetu nyeusi huweza kuonekana kama kivuli cha zambarau au weusi uliozidi, hata likadhaniwa kuwa jeraha la wakati wa kujifungua. Halisinyai. Hukua pamoja na mtoto, na baada ya miaka mingi huweza kuwa nene. Likifunika paji la uso au kope la juu, mtoto apimwe presha ya macho, na wazazi wawe macho kwa degedege, kwa sababu mishipa ya ubongo nayo huweza kuhusika. Yako pia madoa mepesi ya usoni na kisogoni ambayo watoto wengi huzaliwa nayo. Ya usoni hufifia kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja au miwili, wala hayastahili kulipiwa hata shilingi.

Twaja kwenye dawa. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kwamba propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu, ilisinyaza hemanjioma za watoto. Leo ndiyo dawa ya kwanza kwa hemanjioma zenye hatari. Hupimwa kwa uzito wa mtoto, hutumiwa mara nyingi kwa miezi isiyopungua sita, na hutolewa mtoto akiwa amenyonya, maana huweza kushusha sukari ya damu. Akikataa kunyonya au akitapika, dozi husimamishwa na daktari huulizwa. Kumsagia mtoto nyumbani vidonge vya presha vya bibi yake ni kumhatarishia maisha.

Kwa hemanjioma ndogo, nyembamba na ya juu ya ngozi, daktari huweza kuagiza matone ya timololi, yale yale ya presha ya macho, yakapakwa juu ya uvimbe. Kwa kuwa ni matone tu, wengine huyadharau. Dawa hii hupenya ngozi ikaingia katika damu. Haifai kupakwa kwenye kidonda, wala kwa mtoto njiti au mwenye matatizo ya moyo au kifua bila uangalizi wa daktari.

Kwa baka la zambarau, hakuna krimu inayojulikana kulifuta peke yake. Baadhi ya wataalamu hutumia krimu ya sirolimusi pamoja na leza, lakini matokeo ya tafiti hayajalingana. Krimu za kung'arisha ngozi na zile za steroidi haziwezi kuifunga mishipa hiyo. Steroidi kali ikipakwa muda mrefu huichakaza ngozi.

Tiba kuu ya baka hilo ni leza maalumu ya mishipa, ambayo mara nyingi hutoa mwanga wa nanomita 595. Wekundu wa damu huunywa mwanga huo, mshipa hupata joto na kuharibika. Tatizo ni kwamba weusi wa ngozi nao huunywa, na mtoa tiba asiye na uzoefu wa ngozi nyeusi huweza kuacha malengelenge, makovu au mabaka meupe. Kwa hiyo uliza: Mashine hii ni ya mishipa, au ni ya kuondoa nywele? Ina kipoza ngozi? Utajaribu kwanza sehemu ndogo? Macho ya mtoto yatakingwaje? Vikao huwa vingi, kila kimoja wiki kadhaa baada ya kingine. Omba gharama yote kwa maandishi, nawe ujumlishe nauli. Anayekuahidi kwamba baka litatoweka kabisa mwepuke. Mengi hupauka, machache hutoweka, na mengine hurudia kukolea.

Anzia zahanati, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kyela, au hospitali ya Kilutheri kwa walio upande wa Matema, ukaombe rufaa ya Mbeya. Huko Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Usisafiri kufuata leza kabla ya kuulizia kwa simu kama ipo na inafanya kazi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo kwa watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Ulizia dawati la ustawi wa jamii.

Ukiuziwa dawa unayoishuku, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kipodozi, kwa Shirika la Viwango. Tangazo la uongo hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Tunza kopo, risiti, na picha za alama zilizopigwa kila wiki, sarafu ikiwa kando yake ili ukubwa uonekane. Picha hizo hizo daktari naye atazihitaji.