Elimu kwa Wafanyakazi: Mzigo Mzito Haujifungi Wenyewe



Wapo wanaoamini kwamba mzigo mzito hauhitaji kamba, eti uzito wake unatosha kuushika. Imani hii ni ya hatari kwa madereva, mautingo na wapakizi wa maghala ya Ntinda na Nakawa. Somo letu la leo linaeleza kwa nini.

Lori linapoondoka Ntinda kuelekea Jinja, injini huzungusha magurudumu na lori zima husogea. Je, ni nini kinacholisukuma kasha lililowekwa tu sakafuni? Ni msuguano peke yake, yaani mshiko uliopo kati ya sakafu na kitako cha kasha. Wengi tumezoea kusema kwamba msuguano huzuia mwendo. Ukweli ni kwamba huzuia vitu viwili visiteleze kimoja juu ya kingine. Lori likienda mbele, msuguano hulivuta kasha mbele pamoja nalo. Ukishindwa, kasha huonekana kurudi nyuma, kumbe ni lori linalotoka chini yake. Wakati wa breki mambo hugeuka: kasha hutaka kuendelea na mwendo wake, na msuguano hulivuta nyuma.

Tufanye hesabu. Chukua kasha la mbao la kilo 1,000 juu ya sakafu kavu ya chuma. Kwa makadirio, msuguano wake hauzidi sehemu 3 katika 10 za uzito, yaani nguvu ya kilo 300.

(a) Lori linaondoka taratibu, likiongeza mwendo wa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Nguvu inayohitajika ni kama kilo 100. Kasha linatulia.

(b) Lori linaondoka vivyo hivyo kwenye mlima unaopanda mita 1 katika kila mita 10. Zinahitajika kilo 200. Sakafu ikiwa na mafuta au mchanga, mshiko hupungua na kasha laweza kuteleza.

(c) Lori linakwenda kilomita 36 kwa saa, bodaboda inakatiza, dereva anasimama kwa sekunde 2. Zinahitajika kilo 500, na msuguano una 300 tu. Kasha linakwenda mbele, na ole wake aliyekaa kati yake na kabini.

Sasa kasha liwe la kilo 2,000. Msuguano unakuwa 600, lakini breki ile ile inadai 1,000. Kwa hiyo uzito huongeza mshiko, na papo hapo huongeza nguvu inayodaiwa, kwa kiasi kile kile. Mzito na mwepesi huteleza pamoja.

Kamba iliyokazwa hufanya kazi nyingine. Hulikandamiza kasha sakafuni bila kuliongezea uzito, hivyo mshiko unazidi na madai yanabaki yale yale. Lakini katika mfano wa (c), ili kufidia kilo 200 zilizopungua, kamba lazima zikandamize kwa nguvu ya karibu kilo 670. Kamba moja iliyolegea haiokoi mtu. Kanuni za Ulaya hudai mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu ya sehemu 8 katika 10 za uzito wake.

Basi tuzingatie haya:

1. Fagia sakafu na ukaushe mafuta kabla ya kupakia.
2. Tandika mpira chini ya mzigo unaoteleza, hasa nondo na mabati.
3. Egemeza mzigo kwenye ubao wa mbele, usiache nafasi.
4. Kaza kamba, kisha zikague tena baada ya mwendo mfupi, kwani mzigo hujipanga na kamba hulegea.
5. Mtu asipande pamoja na mzigo.

Kamba na mipira ni vifaa vya kazi, wala si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Kamati ya tawi ividai kwa maandishi, na dereva asiharakishwe kuondoka kabla mzigo haujafungwa.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kwa nini kasha tupu na kasha lililojaa huteleza kwa breki ile ile?
2. Dereva akisimama kwa sekunde 4 badala ya 2, kasha la mfano wa (c) litateleza?
3. Katika ghala lenu, nani hukagua kamba kabla lori halijatoka?