Vyombo vya Bronzi vya China ya Kale: Kalibu ya Udongo na Uso wa Mnyama

Miongoni mwa kazi za madini zilizoachwa na watu wa kale, ni chache zinazoweza kulinganishwa na vyombo vya pombe vilivyosubiwa kaskazini mwa China katika enzi ya watawala wa Shang, kati ya miaka ya 1600 na 1046 K.K. hivi. Vyombo hivyo vilitumika katika ibada ya kuwatolea wahenga sadaka, na vingi vilizikwa pamoja na wenyewe. Vitabu vya kigeni hukiita kinywaji chenyewe mvinyo. Kwa hakika kilikuwa pombe ya nafaka.

Katika kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, lililofukuliwa Anyang mwaka 1976 likiwa halijaguswa na wezi, vilipatikana vyombo vya ibada vipatavyo 200. Vilikuwamo vikombe 53 vya aina iitwayo gu, vyembamba kiunoni na vilivyopanuka mdomoni kama tarumbeta, na 40 vya aina ya jue, vyenye miguu mitatu na mdomo mrefu wa kumiminia. Rangi ya kijani ionekanayo leo ni kutu tu. Vilipokuwa vipya viling'aa karibu na dhahabu.

Bronzi ni mchanganyiko wa shaba na bati. Mara nyingi mafundi wa Shang waliongeza risasi. Shaba safi huyeyuka katika nyuzi 1,085 za sentigredi. Bati huzishusha nyuzi hizo na kuiongezea shaba ugumu, na risasi huusaidia uji wa madini kupenya katika mifereji myembamba ya nakshi.

Zamani baadhi ya wataalamu walidhani kwamba nakshi nyembamba kiasi hicho zilihitaji kuchongwa kwanza katika nta. Vipande vya kalibu za udongo vilivyopatikana Anyang, ambako uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1928, vilionyesha njia nyingine. Fundi alifinyanga mfano wa chombo, akaukandika udongo mbichi juu yake, akaukata udongo huo vipande vipande na kuuvua. Vipande vilipokwisha kuchomwa, viliunganishwa upya kukizunguka kiini cha udongo, na pengo lililobaki baina yao ndilo lililokuwa unene wa chombo. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa udongo wa mfinyanzi na kikombe cha kawaida: wanafunzi watatambua upesi kwamba kalibu ya kipande kimoja haivuki mahali palipobinuka.

Hapa ndipo ufundi unapokutana na pambo. Kila kipande cha kalibu kilikuwa uwanja wa nakshi, na mahali pa mshono, ambapo pangebaki kovu, mara nyingi pamesimamishwa ubavu wa bronzi ulio pambo kamili. Katika uwanja huo hutokea uso wa mnyama mwenye macho makubwa, pembe na taya la juu, juu ya mizunguko midogo ya mraba. Msomaji akiifunika nusu moja ya picha kwa mkono, ataona mnyama mzima aliyesimama ubavu.

Uso huo huitwa taotie. Jina hilo lilitumiwa na wanazuoni wa enzi ya Song, zaidi ya miaka 2,000 baada ya Shang kuanguka, nao walilitoa katika maandiko yasemayo habari za zimwi mlafi. Kwa hiyo si ushahidi wa imani ya Shang. Mwaka 1953 Max Loehr aliupanga mtindo wa nakshi katika hatua tano, toka mistari myepesi hadi sura zilizoinuka, na ufukuzi wa baadaye uliuthibitisha mpango huo kwa sehemu kubwa. Lakini alipodai kwamba nakshi hizo huenda zilikuwa umbo tupu lisilo na maana, alivuka mipaka ya ushahidi wake. K. C. Chang aliwaona wanyama hao kuwa wasaidizi katika mawasiliano ya walio hai na wafu, na matumizi ya vyombo vyenyewe huipa nguvu rai hiyo, ijapokuwa haikidhi kueleza kila nakshi.

Watawala wa Zhou, walioishinda Shang, waliwalaumu wafalme wake kwa ulevi. Katika muda wa karne mbili hivi gu na jue vilikaribia kutoweka, vyombo vya chakula vikashika nafasi yao, na uso wa mnyama ukaachia mikanda ya mawimbi.