Msimzike Kabla Hajachunguzwa

Mwanangu M. S. wa Likoni, pole sana. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu kaka yako aliyefia mikononi mwa askari bado yuko mochari na wazee wanahimiza mazishi.

Dawa mwilini

Umeambiwa alizidisha unga, basi yaishe. Hayaishi hivyo. Dawa kukutwa kwenye damu si ushahidi kwamba ndiyo iliyoua. George Floyd alipofariki Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020, alikutwa na fentanili na methamfetamini, na moyo wake ulikuwa na maradhi. Upasuaji wa maiti haukuonyesha jeraha la kuua. Hata hivyo mchunguzi wa vifo wa kaunti aliandika kwamba moyo na pumzi vilisimama polisi walipokuwa wakimdhibiti na kumbana shingo, na kwamba aliuawa na watu.

Anayekaliwa mgongoni akiwa kifudifudi anaweza kukata roho bila alama yoyote. Kwa hiyo ushahidi wa waliokuwepo una uzito sawa na kisu cha daktari. Aliyezidisha heroini kwa kawaida husinzia, hukoroma, pumzi zikapungua. Wewe umeandika kwamba kaka yako alikuwa akipiga mayowe na kurusha miguu mpaka askari walipomkalia. Liandike hilo leo, kwa saa na dakika.

Mazishi ya haraka

Najua sunna ya kuharakisha mazishi, na baba yako ana haki ya kuitaja. Mwendeeni pamoja na imamu. Mkizika sasa, kesho mtahitaji amri ya mahakama kumfukua, na uchungu huo unapita wa kungoja.

Msitie saini karatasi ya kukataa upasuaji. Ripotini kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi; hata polisi wenyewe wanatakiwa kisheria kuipa taarifa. Ombeni daktari wa upande wenu awepo. IMLU, shirika la madaktari na wanasheria wa haki za binadamu, huzisaidia familia kama yenu. Damu itolewe kwenye mshipa wa paja, maana ya karibu na moyo huweza kuonyesha dawa nyingi kuliko aliyokuwa nayo akiwa hai. Majibu ya mkemia huchukua wiki kadhaa, msiyangoje. Sampuli zikishachukuliwa, mzikeni.

Usijiharibie

Huenda askari wale walidhani wanatuliza fujo tu. Huenda pia majibu yakasema ni unga, nawe uwe tayari kuyapokea. Usiwatukane mitandaoni, kesi huharibika hivyo. Yule kijana wa duka uliyesema alirekodi kwa simu asiifute video wala kuikata, na nakala yake apewe wakili. Anza na yeye, kabla hajabadilisha simu.