Somo kwa Wazazi: Kuwafundisha Watoto Wadogo Nyumbani kwa Kazi za Mikono

Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kongo zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Zilipokwisha kufunguliwa kwa muda, zilifungwa tena katika mwezi wa Desemba, na watoto hawakurudi darasani mpaka tarehe 22 Februari 2021. Mtoto aliyeanza tu kusoma husahau upesi asipotumia alichofundishwa. Tena mtoto asiye na shughuli huwafuata wenzake, na katika Likasi na Kambove, nchi ya shaba, njia ya wenzake mara nyingi yaelekea mashimoni, ambako watoto huokota, huchagua na kuosha mawe ya madini. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto yakataza kazi za hatari kama hizo, lakini sheria peke yake haikai nyumbani na mtoto. Kwa hiyo neno la kufundisha nyumbani si mchezo wa kupoteza saa.

Kuna mama wasemao, “Sisi hatukusomea ualimu, wala hatuna vitabu.” Neno hili lina ukweli nusu tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, wafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Hausemi kwamba lazima wawe na diploma. Nayo sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 yakubali kufundisha kwa lugha za taifa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha hizo nne. Basi mama asingoje mpaka ajue Kifaransa.

Juu ya vitabu, yafaa kumkumbuka Maria Montessori, mganga wa Italia. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto huko Roma, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Aliwapa watoto vitu vya kushika: vipande vya mbao, shanga za kuhesabia, herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa ili kidole kizipapase kabla ya mkono kuandika. Njia hiyo imeenea duniani pote, na kiini chake hakihitaji fedha.

Na itazamwe siku moja katika nyumba ya Kikula, yenye watoto watatu: wa miaka minane, sita na minne.

Asubuhi kazi ya kwanza ni maji. Bidoni ya lita 20 ipo mlangoni, na ndoo kando yake. Mama haanzi kwa kueleza, aanza kwa kuuliza: “Chupa ngapi za lita moja zitaijaza ndoo hii?” Mkubwa akisia kumi, wa pili asema mia, na mdogo ataja namba pekee anayoijua, yaani tatu. Kisha wamimina, na kwa kila chupa mmoja apiga alama ya mkaa ukutani. Ndoo yajaa kwa chupa 12. Sasa yaletwa chupa ya nusu lita, na mkubwa aona mwenyewe kwamba mbili zake zaijaza moja. Jambo hili alilikariri shuleni, ila hakupata kuliona. Maji hayamwagwi, ndiyo ya kuoshea vyombo.

Baadaye ni herufi. Katanga ina vichuguu virefu, na udongo wake, ambao watu huufyatulia matofali, hufinyangika vizuri. Mtoto wa miaka sita aviringisha udongo kama nyungunyungu, aunda MA, halafu KA, halafu TA. Kwa silabi hizo tatu apata mama, kaka, kata, taka, hata kamata. Mara aiweka M nyuma ya A. Mama hamsahihishi, amwambia tu, “Nisomee.” Mtoto asoma “am”, acheka, aigeuza. Hapa ndipo wazazi wengi huharibu kazi: hushika mkono wa mtoto na kumfanyia, naye hukaa kutazama.

Mdogo apewa maharagwe na mahindi yaliyochanganyika, ayatenge. Vidole vinavyookota punje leo vitashika kalamu kesho. Lakini asiachwe peke yake, kwa maana watoto wa umri huo hupenda kutia punje puani.

Jambo moja liangaliwe sana. Mawe ya kijani yanayong’aa, ambayo watoto wa Likasi huyapenda kwa uzuri wake, yasitumiwe kuhesabia, wala yasisagwe kuwa rangi. Vumbi la madini laweza kuwa na sumu, na mkono wa mtoto hauishi kwenda kinywani. Vizibo vya chupa vilivyooshwa vyatosha.

Uani husimikwa kijiti, na kivuli chake hupigwa alama asubuhi, saa sita na alasiri. Katika mwezi wa Juni kivuli cha saa sita huelekea kusini. Karibu na mwisho wa Oktoba, na tena katika Februari, jua husimama utosini na kivuli karibu kitoweke. Mkubwa akiandika vipimo katika daftari mwezi kwa mwezi, ataligundua hilo pasipo kuambiwa.

Kazi zote hizi hazipiti saa mbili kwa siku. Zikizidi, watoto huchoka, na mama ana sokoni kwenda.

Maswali ya kuzungumza wazazi wakikutana: Ni vitu gani vitano vya jikoni vyaweza kufundisha kuhesabu? Kwa silabi LA, MA na LI mtoto aweza kuunda maneno gani? Ni nani katika mtaa awezaye kukaa na watoto wa jirani mama yao akiwa sokoni?