UNATARAJIA NINI KWA MUNGU?



Labda umepewa karatasi hii stendi ya Bunda, au ukiwa juu ya pikipiki yako unangoja abiria pale Bweri, au umesimama mbali na jukwaa unasikiliza kwaya tu. Sikuulizi dini yako. Nakuuliza swali moja: Je, kuna kitu unachokitarajia kutoka kwa Mungu? Sisemi kutamani. Kutamani, kila mtu anatamani. Nasema kutarajia.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 3. Kama huna Biblia, azima kwa jirani. Hapo utamkuta mtu kiwete tangu kuzaliwa, mwenye umri uliopita miaka 40. Kila siku walimbeba na kumweka mlangoni pa hekalu aombe sadaka. Siku hiyo Petro na Yohana wakamwambia awatazame. Akawakazia macho, akitegemea kupewa kitu. Alitegemea nini? Senti! Petro hakuwa na senti. Akamshika mkono kwa jina la Yesu, na yule mtu akasimama, akaingia hekaluni akirukaruka. Haleluya! Ona jambo hili: matarajio yake yalikuwa madogo, tena ya kitu kingine kabisa, lakini aliinua macho. Kwa hiyo usiseme, "Mimi sina imani kubwa." Hata yeye hakuwa nayo.

Shida ya vijana wengi wa Mara ni kwamba tumeacha kuinua macho. Umemaliza darasa la saba au kidato cha nne, umepeleka barua za kuomba kazi mpaka viatu vimeisha, hakuna jibu. Basi unakaa kijiweni unapanga mkeka wa mpira, unasema "labda leo". Mwingine anakwenda kwa mganga achanjwe chale za bahati kabla ya kushuka mashimoni kule Buhemba. Ndugu yangu, hiyo siyo imani, ni kubahatisha. Mwenye kubahatisha akishalipa hela yake hana la kufanya tena, anangoja matokeo tu. Mwenye kutarajia anajiandaa, kwa sababu anamjua aliyemwahidi.

Hebu watazame wavuvi wa dagaa hapa Musoma. Mbalamwezi ikiwa kali, taa zao hazina nguvu, dagaa hawazifuati, kwa hiyo mitumbwi inabaki mwaloni. Je, wanalala tu? Utawakuta wamekaa mchangani wanashona nyavu, wanaziba mtumbwi unaovuja. Hakuna dagaa hata mmoja, lakini nyavu zinashonwa! Muulize mmoja kwa nini anahangaika, atakushangaa. Anajua siku za giza zinakuja.

Nabii Eliya naye alikuwa hivyo hivyo (1 Wafalme 18:41-46). Mvua ilikuwa haijanyesha miaka mitatu na nusu. Akapiga magoti Karmeli, akamtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari. Akarudi, hakuna kitu. Nenda tena. Hakuna kitu. Mara ya saba akaona kawingu kadogo kama kiganja cha mtu. Eliya hakungoja tone lidondoke. Alimtumia mfalme habari atandike gari lake aondoke mvua isije ikamzuia. Mimi huwa namwonea huruma yule mtumishi. Safari sita za kwenda na kurudi bure, na yeye hakuwa ndiye nabii! Pengine wewe uko kwenye safari ya nne au ya tano. Usiketi chini.

Sasa usifikiri mambo haya yaliishia Israeli. Hapa hapa mkoani kwetu, Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934. Watu wakasoma, wakabatizwa. Lakini mwaka 1942 uamsho uliokuwa umewaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika Shirati, na watu waliokwisha kubatizwa wakalia kwa ajili ya dhambi zao. Wakaungama mbele za watu. Mzungu na Mwafrika wakaombana msamaha. Zedekia Kisare, aliyekuwa miongoni mwa waamini wa mwanzo, mwaka 1967 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Utasema, "Mhubiri, hao ni Wamennonite, wewe ni Mpentekoste." Moto hauulizi dhehebu! Ninachotaka ukione ni mahali Mungu alipoanzia. Alianza na dhambi. Wewe unaweza kuja mkutanoni unatarajia kazi, au mchumba, au uzima wa mwili. Vyote mwombe, ni Baba. Ila usishangae akianza na ile simu uliyoiba, au yule binti uliyempa mimba ukamkana.

Tena nisikudanganye. Wapo wahubiri watakaokuambia ukitarajia sana utapata kila kitu. Mama yangu mdogo aliugua kule Butiama. Tulifunga, tukamwombea, akafa. Lakini hata wiki ile ya mwisho alikuwa anatuuliza kama tumeshapanda mihogo, na alikuwa anaongea habari za kumwona Yesu kama mtu aliyeshakata tiketi ya basi la asubuhi. Hakuwa mtu aliyeshindwa. Siku ya parapanda atafufuka (1 Wathesalonike 4:16), nami natarajia kumwona. Mganga hana kitu kama hicho cha kukuuzia. Na kama wewe ni mgonjwa na unameza dawa, endelea kuzimeza, na maombi uje. Mungu haonei wivu zahanati.

Basi shona nyavu zako leo. Kama ni ufundi, jifunze. Kama umegombana na baba yako, nenda ukamsalimie. Hirizi hiyo kiunoni, ilete tuichome. Lakini kabla ya yote omba hivi, popote ulipo, hata kimoyomoyo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimechoka kubahatisha. Naamini ulikufa kwa ajili yangu ukafufuka. Nisamehe, niingie moyoni, uniandike katika kitabu cha uzima. Macho yangu nayainua kwako. Amina."

Umeomba? Mwambie mtu mmoja kabla hujalala. Na jioni ya leo mhubiri akiita, usibaki kule nyuma kwenye pikipiki. Pita mbele, upande wa kulia wa jukwaa utatukuta. Tutachukua jina lako na kukuombea, na hatukudai hata senti moja.