Majira ya Baridi Ndani ya Karavani

*Bwana Mhariri, mimi na mume wangu twataraji kukaa Minnesota majira yote ya baridi ndani ya karavani ya kukokotwa na gari. Nachelea maji kuganda nasi kudhurika. Tujitayarishe vipi? — Bibi wa Mombasa, ughaibuni*

Bibi, hofu yako ni ya haki, kwani huko joto huweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na karavani nyingi ziliundwa kwa safari za kiangazi, kuta zake nyembamba na mabomba yake yakipita chini ya sakafu palipo wazi kwa upepo. Basi anzeni hapo: zibeni uwazi huo kwa turubai nene mpaka ardhini, uzungushieni mpira wa maji waya wa umeme wa kuupasha moto, na tangi la maji machafu liacheni limefungwa hadi likaribie kujaa, maana maji yachirizikayo kidogo kidogo ndiyo yagandayo bombani. Gesi iwe propeni. Buteni haitoi mvuke joto likifika sifuri.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni hewa ya kaboni monoksidi, isiyo rangi wala harufu. Tundikeni king'ora chake, msiote moto wa jiko la kupikia, wala msizibe matundu ya hewa, ambayo pia hupunguza unyevu kutani. Mkiumwa kichwa nyote wawili kwa pamoja, au mkihisi kichefuchefu, tokeni nje hima, kisha pigeni simu 911. Pigeni simu hiyo pia mtu aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka huku maneno yakimpotea: hiyo ni dharura, msingoje asubuhi.