Laptopu Yako Inajizima? Usikimbilie Kulaumu Virusi

Umefungua laptopu asubuhi, unataka kumlipa msambazaji kabla gari lake halijaondoka Gikomba. Unaweka kiasi, na kabla hujabonyeza kutuma, skrini inakuwa buluu. Mashine inajiwasha upya. Unaingia tena, na baada ya dakika kumi inazima kabisa. Wazo la kwanza: "Nimeingiliwa! Pesa zangu ziko salama kweli?"

Tulia kwanza. Si kila homa ni malaria, na si kila laptopu inayozima ina virusi.

Shangazi yangu ana duka la vitambaa, na laptopu yake ndiyo daftari la madeni. Msimu wa karo ilianza kujizima kila mchana. Fundi akamwambia moja kwa moja, "Mama, hii ni virusi, tufute kila kitu." Alibaki kidogo tu apoteze rekodi za wateja wake wote. Tulipoikagua nyumbani, feni ilikuwa imejaa vumbi na nyuzi za vitambaa, mashine inachemka. Tuliisafisha, ikaacha kuzima.

Lakini katika kukagua tulipata kitu kingine: programu ya kufungua Office bila leseni, iliyowekwa na kijana mmoja wa jamaa. Ilikuwa imejiandikisha kwenye orodha ya vitu ambavyo Windows haivikagui. Yaani, kilichokuwa kinazima laptopu hakikuwa hatari kwa pesa zake, na chenye hatari kilikuwa kimenyamaza. Programu hasidi ya kuiba nywila haitaki uigundue, kwa hivyo mara nyingi haisumbui mashine hata kidogo.

Ndiyo maana ni vizuri kukagua mambo haya mawili, moja baada ya lingine.

1. Simamisha malipo kwenye mashine hiyo

Kabla hujajua shida ni nini, usiingie kwenye akaunti yako ya biashara kupitia laptopu hiyo. Tumia simu. Kama malipo yalikatikia njiani, usitume tena haraka haraka. Angalia kwanza SMS ya uthibitisho au taarifa ya akaunti, usije ukalipa mara mbili. Mashine ikiwaka, nakili rekodi zako muhimu mahali pengine.

2. Uliza: nini kimebadilika?

Skrini ya kosa ikitokea, ipige picha. Yale maandishi yanayoanza na "Stop code" yatamsaidia fundi kuliko maelezo ya "imezima tu".

Kisha bonyeza Start, andika "reliability", uchague View reliability history. Utaona kalenda yenye alama nyekundu siku ambazo kitu kiliharibika. Linganisha na yaliyotokea: stima ilipotea? Uliweka programu mpya? Sasisho liliingia?

Sasisho halali pia linaweza kuangusha mashine. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5 duniani. Wengi walidhani ni shambulizi, kumbe ni kosa la kampuni yenyewe. Walaghai wakatumia hofu hiyo kusambaza "dawa" bandia zenye programu hasidi ndani.

3. Kagua mwili wa mashine

- Inazima ikishapata joto? Safisha feni, na usiiweke juu ya kitanda au kitambaa.
- Inazima ikitolewa kwenye chaja? Huenda betri imechoka.
- Diski imejaa? Ondoa video na faili usizohitaji.
- Inaonyesha makosa tofauti tofauti kila mara? Huenda ni memori. Andika "Windows Memory Diagnostic" kwenye Start, uruhusu ijiwashe upya na kujipima.

4. Sasa tafuta programu hasidi, hata kama umeshapata sababu ya kuzima

- Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja kufungua Task Manager. Kama hujafungua kitu na bado kuna programu usiyoijua inayokula nguvu nyingi kwa muda mrefu, andika jina lake uichunguze.
- Pitia orodha ya programu zilizowekwa, na vijiprogramu vilivyoongezwa kwenye brauza. Usichokijua, uliza kwanza ndipo ukiondoe.
- Fungua Windows Security. Je, ulinzi umezimwa bila wewe kujua? Angalia pia sehemu ya Exclusions. Kama hukuweka kitu hapo, nani amekiweka?
- Kwenye Scan options, chagua Microsoft Defender Antivirus offline scan. Hifadhi kazi yako kwanza, kwa sababu mashine itajiwasha upya. Ukaguzi huchukua kama dakika 15.

5. Ukipata kitu

Kukiondoa hakutoshi. Nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza huenda zimeshaondoka. Chukua kifaa kingine kilicho salama, ubadilishe nywila ukianza na ya barua pepe, kwa sababu ndiyo ufunguo wa akaunti zingine. Toka kwenye akaunti zako kwenye vifaa vyote. Pitia miamala ya siku za karibuni, na ukiona usioutambua, tupigie mara moja kupitia namba iliyo ndani ya apu yetu.

Shangazi hatukuweza kumhakikishia kwamba hakuna kilichochukuliwa, kwa hivyo alibadilisha kila nywila jioni hiyo hiyo.

Na jambo la mwisho

Ukiona dirisha linalopiga kelele "Kompyuta yako imeambukizwa, piga namba hii", usipige. Lifunge, au uzime mashine. Akikupigia mtu anayejiita fundi wetu na kutaka uweke programu ya kuona skrini yako, kata simu. Hatutakuomba PIN wala ile kodi inayoingia kwa SMS, hata laptopu yako ikizima mara kumi kwa siku.

Leo jioni, kabla ya kufunga duka, tenga dakika 15 ufanye ule ukaguzi wa hatua ya 4. Usisubiri mpaka skrini iwe buluu.